Je, klorokwini ilitibu korona? Tuanze na dawa yenyewe

Kaa kwenye kijiwe cha kahawa Kiborloni, Moshi, au simama kwenye foleni ya famasi pale Mbauda, Arusha. Habari za korona zikianza tu, haichukui muda swali hili kujitokeza: hivi ile klorokwini ilitibu au haikutibu? Limepata nguvu mpya tangu Desemba 2024, jarida moja la kisayansi lilipoufuta rasmi utafiti wa Ufaransa ulioipa dawa hiyo umaarufu mwaka 2020. Kuna wanaosema ilitibu, ila wakubwa wakaizima kwa kuwa ni ya bei chee. Kuna wanaosema ulikuwa utapeli tangu mwanzo. Mimi naona pande zote mbili zimeruka hatua. Wazo la kuijaribu klorokwini lilikuwa na mashiko, na waliolitoa walijua wanachokisema. Likajaribiwa vizuri, likashindwa. Kati ya wazo na jibu kulipita kama miezi mitatu ya kelele za mitandaoni na za wanasiasa, na wengi tulichobaki nacho ni zile kelele.

Dawa mbili, si moja

Klorokwini ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1934 na mkemia Hans Andersag wa kampuni ya Bayer, wakati ikitafutwa dawa ya kuchukua nafasi ya kwinini. Kwinini hutoka kwenye magome ya mkwinini, mti wa Amerika ya Kusini ambao Wajerumani waliupanda hata kule Amani, milima ya Usambara. Mwanzoni klorokwini iliwekwa kando ikidhaniwa ina sumu kali mno. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani wakairudia, na baada ya vita ikasambaa duniani kote.

Mtu wa makamo hapa kwetu hahitaji kusimuliwa. Anaukumbuka uchungu wake, na zaidi anakumbuka kule kuwashwa, mtu anajikuna usiku kucha hadi anaona heri angebaki na malaria yake. Kufikia miaka ya 1990 vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea dawa hiyo. Mwaka 2001 Tanzania ikaiondoa kwenye nafasi ya dawa ya kwanza ya malaria, ikaingia SP, ambayo wengi waliijua kwa jina la Fansidar. Mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto, ALu, inayotumika hadi leo. Kijana wa Moshi aliyezaliwa baada ya hapo huenda hajawahi kumeza klorokwini hata mara moja. Hilo tutalihitaji mbele.

Haidroksiklorokwini ni ndugu wa klorokwini, aliyebadilishwa kidogo ili asiwe mkali sana. Ilianza kutumika Marekani mwaka 1955. Kwetu haikuwahi kuwa dawa ya kawaida ya malaria; walio nayo zaidi ni wagonjwa wa lupasi na wa baridi yabisi, kwa sababu hutuliza kinga ya mwili inapoanza kuushambulia mwili wenyewe. Majaribio mengi ya korona yalitumia hii ya pili. Mitaani watu walizichanganya, na redio nazo zikazichanganya.

Inavyoua malaria haihusiani na kirusi

Kimelea cha malaria ni kiumbe kamili. Kina seli yake, kinakula, kinakua, kinazaana. Kikishaingia kwenye chembe nyekundu ya damu hula protini inayobeba oksijeni, na katika kula huko hubaki kipande chenye madini ya chuma ambacho kwa kimelea chenyewe ni sumu. Kwa kawaida hukigeuza kipande hicho kuwa fuwele zisizo na madhara, kikaendelea kula. Klorokwini huzuia kugeuza huko. Sumu inajaa, kimelea kinakufa kwa mabaki ya chakula chake. Usugu nao ulikuja pale vimelea vilipopata njia ya kuisukuma dawa nje kabla haijafanya kazi.

Kirusi cha korona hakili chochote. Hakina tumbo wala mabaki. Ni kipande cha maelekezo ya urithi kilichofungwa ndani ya ganda, kinachosubiri kuingia kwenye seli ya mtu ili seli hiyo ikitengenezee nakala. Kwa hiyo anayesema "iliua malaria, itaua na korona" hata kama angebahatisha jibu, njia aliyopitia si sahihi. Antibayotiki haiui kirusi cha mafua, na dawa ya minyoo haitibu UTI. Kila dawa inagusa kitu fulani, na kama kitu hicho hakipo kwa adui mwingine, hakuna cha kugusa.

Wanasayansi walikuwa na hoja nyingine kabisa.

Dawa ya zamani, kazi mpya

Kuchukua dawa iliyokwisha kujulikana na kuijaribu kwa ugonjwa mwingine ni jambo la kila siku katika tiba. AZT, dawa ya kwanza ya kupunguza makali ya VVU, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, ilitengenezwa miaka ya 1960 kwa matarajio ya kutibu saratani. Aspirini ilianza kama dawa ya maumivu, leo wagonjwa wengi wa moyo wanaimeza kila siku ili damu isigande. Doksisaiklini ni antibayotiki, lakini watalii wengi wanaokuja kupanda Kilimanjaro huwa nayo kwenye begi kama kinga ya malaria. Faida ya njia hii iko wazi. Madhara ya dawa yanajulikana, viwanda vipo, bei inajulikana. Dawa mpya kabisa huchukua miaka.

Na mwezi Machi 2020 miaka haikuwepo. Mgonjwa wa kwanza wa Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi hapa hapa Arusha, akiwa ameingilia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro. Chanjo zilifika nchini Julai 2021. Katikati hapo hospitali zilikuwa na oksijeni, pale ilipopatikana, na mtaani watu walikuwa na nyungu, tangawizi na malimao. Mtu aliyesema "tujaribu kilichopo kabatini" alikuwa anasema jambo la busara.

Kwa nini klorokwini, kati ya dawa zote za kabatini? Ili kuingia ndani ya seli, virusi vingi humezwa kwanza ndani ya kifuko kidogo. Humo kuna asidi, na asidi hiyo ndiyo inayosaidia ganda la kirusi kufunguka na kutoa maelekezo yake. Klorokwini hupenda kujikusanya ndani ya vifuko hivyo na kuipunguza nguvu asidi. Ganda halifunguki, kirusi kinakwama. Mwaka 2005 watafiti waliwahi kuonyesha kwamba klorokwini inakizuia kirusi cha SARS, kile cha mwaka 2003, kwenye seli za maabara. Februari 2020 watafiti wa China wakaonyesha hivyo hivyo kwa kirusi kipya. Kemia ilieleweka, dawa ilikuwepo, matokeo ya maabara yalipatana na nadharia.

Tatizo lilikuwa kwenye seli zilizotumika. Seli zile za maabara zilitoka kwenye figo ya tumbili. Ni seli zinazopendwa na watafiti kwa sababu zinakua upesi na virusi huzaana ndani yake bila shida. Lakini korona haishambulii figo za tumbili, inashambulia mapafu ya binadamu, na seli za njia ya hewa ya binadamu zina kimeng'enya ambacho zile za figo ya tumbili zinakikosa. Kimeng'enya hicho hukata protini ya kirusi pale pale juu ya seli, na kirusi kikaingia moja kwa moja bila kupitia kifuko chenye asidi.

Fikiria nyumba yenye mlango wa mbele na mlango wa jikoni. Kwenye figo ya tumbili mlango ni mmoja tu, wa mbele, na klorokwini inaupiga komeo imara kabisa. Kwenye mapafu mlango wa jikoni uko wazi muda wote. Unaweza kuongeza makomeo mbele mpaka ukachoka, mwizi anaendelea kupitia nyuma.

Utafiti uliothibitisha jambo hilo kwa seli za mapafu ya binadamu ulichapishwa kwenye jarida la Nature Julai 2020. Wakati huo tayari dunia ilikuwa imeshamaliza akiba ya vidonge kwenye maduka.

Kilichotokea Marseille

Tarehe 20 Machi 2020 timu ya Profesa Didier Raoult wa Marseille, Ufaransa, ilichapisha utafiti wa wagonjwa 36. Waliohesabiwa kuwa wamepata haidroksiklorokwini walikuwa 20, wasiopata 16. Baada ya siku sita, waliopata dawa walionekana kuwa na virusi kidogo zaidi puani. Kesho yake Rais Donald Trump akaandika mtandaoni kwamba dawa hiyo ikichanganywa na antibayotiki ya azithromycin inaweza kubadili historia ya tiba. Tarehe 28 Machi mamlaka ya dawa ya Marekani ikaruhusu itumike kwa dharura.

Hapa inafaa kusimama, kwa sababu utafiti huu ni somo zuri la namna takwimu zinavyoweza kukuvuta mkono. Walioanza na dawa hawakuwa 20, walikuwa 26. Sita waliondolewa kwenye hesabu: watatu walihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi, mmoja alifariki, mmoja aliondoka hospitalini, na mmoja aliacha dawa kwa kichefuchefu. Ukiwatoa walioelemewa, hakuna dawa itakayoonekana mbaya. Halafu kundi la kulinganisha halikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Baadhi yao walikuwa wagonjwa wa vituo vingine kabisa. Na kilichopimwa ni virusi puani, si kama mtu alipona au alikufa. Huo ndio utafiti uliofutwa Desemba 2024. Kufutwa huko, kwa maoni yangu, kumechelewa mno, na ndiyo maana sasa kunaonekana kama siri iliyofichuka. Kasoro zake zilikuwa zikijadiliwa hadharani tangu wiki ile ile ulipotoka.

Kulipofika Mei mambo yakaharibika kwa upande wa pili. Jarida la The Lancet lilichapisha makala iliyodai haidroksiklorokwini inaongeza vifo, kwa takwimu zilizodaiwa kukusanywa na kampuni moja ya Marekani iitwayo Surgisphere kutoka hospitali mamia duniani. Kampuni ilipoombwa ionyeshe takwimu hizo ikashindwa, na tarehe 4 Juni makala ikaondolewa na watatu kati ya waandishi wake wanne. Watetezi wa dawa waliipata silaha yao hapo, na wanaitumia mpaka leo. Ila kuanguka kwa makala mbovu iliyoipinga dawa hakuithibitishi dawa.

Jibu lilivyopatikana

Ugumu wa korona ni kwamba wagonjwa wengi walipona wenyewe. Ukiwapa watu mia moja chochote, hata maji ya uvuguvugu, wengi watapona na watakushukuru. Kwa hiyo ushuhuda wa "mimi nilikunywa nikapona", hata ukitoka kwa mtu mkweli kabisa, hausemi lolote kuhusu dawa. Njia pekee ya kujua ni kuwagawa wagonjwa wengi katika makundi mawili bila mtu yeyote kuchagua nani aende wapi, kompyuta ndiyo ichague, kisha kuhesabu.

Uingereza ilifanya hivyo kupitia jaribio lililoitwa RECOVERY, lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford. Wagonjwa 1,561 waliolazwa walipewa haidroksiklorokwini pamoja na huduma ya kawaida, na 3,155 wakapewa huduma ya kawaida peke yake. Ndani ya siku 28, walifariki asilimia 27 ya waliopewa dawa na asilimia 25 ya wasiopewa. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba huwezi kusema dawa iliua, lakini huwezi kabisa kusema iliokoa. Jibu lilitangazwa tarehe 5 Juni 2020. Siku kumi baadaye Marekani ikafuta ruhusa yake ya dharura, na Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo likaiondoa dawa hiyo kwenye jaribio lake la nchi nyingi.

Watetezi walisema dawa ilitolewa ikiwa imechelewa, itolewe mapema. Ikatolewa mapema: Marekani na Canada watu 821 waliokuwa wamekaa karibu na mgonjwa walipewa ama dawa ama kidonge tupu. Wa dawa waliougua ni asilimia 11.8, wa kidonge tupu 14.3, tofauti ambayo kwa idadi hiyo inaweza kutokea kwa bahati tu. Wakasema dozi ya RECOVERY ilikuwa kubwa mno. Ikajaribiwa kwa dozi ndogo Brazil na Marekani, wagonjwa hospitalini hawakupata nafuu yoyote ya maana. Upande wa kinga, jaribio kubwa la watu zaidi ya 4,600 lililochapishwa 2024 lilikuta, hata ukiikadiria kwa ukarimu, faida ndogo iliyo kwenye mpaka wa bahati. Hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote ambayo dawa hii iliwahi kufika, na haifanani hata kidogo na tulichoahidiwa.

Wanaodai ilizimwa kwa kuwa ni rahisi

Hoja hii naisikia kuliko zote, na ndiyo inayojibika kwa urahisi kuliko zote. Jaribio lile lile la RECOVERY, siku kumi na moja tu baada ya kuikataa haidroksiklorokwini, lilitangaza dawa nyingine ya zamani iliyofanya kazi. Ni deksamethasoni, steroidi ya miaka ya 1950 ambayo iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 1977, bei yake ni ya kawaida kabisa na hakuna kampuni inayomiliki haki zake. Kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Kwa waliokuwa kwenye oksijeni bila mashine, kutoka 26.2 hadi 23.3. Uingereza ilianza kuitumia siku hiyo hiyo ya tangazo, na dunia nzima ikafuata. Kama kuna wakubwa wanaozima dawa za bei rahisi, hii iliwaponyokaje?

Tena deksamethasoni haiui kirusi kabisa. Inatuliza kinga ya mwili inapokuwa imechachamaa na kuyaunguza mapafu, ndiyo maana ilisaidia mahututi na haikumsaidia mgonjwa asiyehitaji oksijeni, huyo ingeweza hata kumdhuru. Waliokuwa wakiinunua famasi na kuimeza nyumbani kwa kikohozi cha siku mbili walikuwa wanacheza.

Na yanayosemwa mitaani

Lipo dai kwamba Waafrika walikingwa na klorokwini waliyomeza utotoni. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu kuliko dawa nyingi, lakini ni miezi, si miaka ishirini. Tumeshaona iliacha kuwa dawa ya kwanza mwaka 2001. Kwa Arusha na Kilimanjaro dai linakuwa gumu zaidi: ukiacha maeneo ya tambarare yenye mashamba ya mpunga na miwa kusini mwa Moshi, malaria huku ni kidogo, na utafiti wa kitaifa wa 2017 ulikuta maambukizi chini ya asilimia 1 ya watoto wadogo katika mikoa hii miwili, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 7.3. Mtu wa Marangu hakuwa na sababu ya kumeza dawa za malaria mara kwa mara. Ukitaka sababu za maana, anza na umri: karibu nusu ya Watanzania hawajafikisha miaka 18, na korona iliua zaidi wazee. Ongeza kwamba takwimu zetu za wagonjwa ziliacha kutangazwa Mei 2020 zikiwa 509, kwa hiyo anayejidai kujua kwa uhakika sisi tulikingwa kiasi gani anatoa namba kichwani.

Kuhusu artemisia, mmea ambao wakulima wa mikoa yetu waliulima kwa ajili ya viwanda vya dawa: artemisinini inayotoka kwenye majani yake ndiyo msingi wa ALu, na iligunduliwa na Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hiyo ni sifa halali ya mmea. Mei 2020 Palamagamba Kabudi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, alikwenda Madagascar kuchukua kinywaji cha mmea huo kilichosemwa kinatibu korona. WHO haikukiidhinisha. Chai ya majani yake hata kwa malaria haishauriwi, kwa sababu kikombe kimoja kinaweza kuwa na dawa kidogo na kingine nyingi, na dawa kidogo ndiyo inayofundisha vimelea usugu.

Maji ya toniki yenye kwinini? Kiasi kilichomo ni kidogo mno hata kwa malaria. Ivamektini, ile ya sindano ambayo wafugaji wanaijua vizuri kuliko madaktari? Hadithi yake inafanana na hii: ilizuia kirusi kwenye chombo cha maabara kwa kiwango ambacho mwili wa mtu usingeweza kukifikia kwa dozi ya kawaida, na majaribio makubwa hayakuonyesha faida.

Kinachonitisha ni wanaojitibu kwa vidonge vilivyobaki. Kati ya dozi ya klorokwini inayotibu na ile inayodhuru nafasi ni finyu. Ikizidi huvuruga mapigo ya moyo, na mtoto anaweza kufa kwa vidonge vichache. Machi 2020, siku chache baada ya dawa kusifiwa mitandaoni, jimbo la Lagos nchini Nigeria liliripoti watu kulazwa kwa sumu ya klorokwini, na Marekani mtu mmoja alifariki baada ya kunywa klorokwini ya kusafishia matangi ya samaki. Kama bado una kopo la zamani kabatini, lipeleke famasi au kituo cha afya wakaliharibu.

Wagonjwa wa lupasi na baridi yabisi walioandikiwa haidroksiklorokwini wao waendelee nayo. Mwaka 2020 baadhi yao duniani waliikosa kwa sababu watu wazima wasioumwa waliinunua yote, na wengine wakaiacha kwa kuogopa habari walizosikia. Kwao inafanya kazi, na kwa dozi ya daktari ni salama. Wanachotakiwa ni kupimwa macho mwanzoni mwa matibabu, kisha kila mwaka baada ya miaka mitano ya kuitumia, kwa kuwa kwa muda mrefu inaweza kuathiri sehemu ya nyuma ya jicho. Mwenye ugonjwa wa figo aanze kupimwa mapema zaidi.